Udata wa mtoto wa wiki 3: ukatwe?

Dada, udata (kile kiutando chini ya ulimi kinachoubana) haukatwi kwa kuonekana tu. Angalia anavyonyonya: chuchu zako zina michubuko, titi linamponyoka huku akitoa sauti ya "tak tak", uzito haupandi? Kwanza mkunga akurekebishie ushikaji: mdomo wazi kabisa, kidevu kiguse titi. Isiposaidia, daktari hukata kwa mkasi wa ncha butu, sekunde chache, damu matone tu, kisha mtoto ananyonya hapo hapo. Kabla ya kukatwa, hakikisha alipata sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Akishakuwa mkubwa, kwa kawaida atahitaji nusukaputi. Kuchelewa kusema peke yake si sababu ya kukata, apimwe masikio. Na tafadhali, usimpeleke kwa mkata kimeo! Kimeo kiko nyuma kooni, na wembe ule umeua watoto.