Siku isiyo na kahawa, ukurasa unakufa

SWALI: Ukurasa wetu wa mauzo ya kahawa hukokotoa bei ya wastani kwa $fedha / $kilo. Tangu seva ihamie PHP 8 (toleo jipya la lugha ya programu tunayotumia), siku isiyo na mzigo hauonyeshi kitu. Zamani ulitoa onyo tu. – Msomaji, Moshi

JIBU: Siku hiyo $kilo ni 0. Ukigawanya kwa sifuri, PHP 7 ilionya ikaendelea, PHP 8 hurusha kosa liitwalo DivisionByZeroError, na lisipodakwa kazi yote husimama. Kuweka @ mbele (alama ya kunyamazisha maonyo) hakusaidii. Kagua kigawanyo kwanza:

$kilo = floatval($_POST['kilo'] ?? 0);
$wastani = $kilo > 0 ? $fedha / $kilo : null;

Ikiwa null (yaani hakuna thamani), andika "hakuna mauzo". Ukiweka 0, mkulima atadhani kahawa yake imegawiwa bure! Usitegemee empty(), kipimo cha kama kitu ni tupu: fomu ikileta "0.0", hiyo kwake si tupu, inapita. Na mkato je? Karani akiandika 1,250, floatval, inayogeuza maandishi kuwa namba, husoma 1. Uondoe kwanza kwa str_replace.