Maswali ya jikoni: maji yanayochemka, maji yanayoganda

Nimehamia Dodoma kikazi kutoka Dar. Maharage yaleyale ninayoyapika siku zote, huku yananimalizia mkaa. Nakosea wapi? (Mama wa watoto wawili, Ilazo)

Hukosei popote, dada. Mji huu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoyakandamiza maji kwenye sufuria ni kidogo kuliko ya Dar. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 100, hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Maharage yako yanaivia kwenye joto dogo zaidi, basi yanachukua muda.

Usinikubalie bure, pima. Azima kipimajoto cha maabara kwa mwalimu wa sayansi. Cha homa usikitie, kitapasuka. Kishike katikati ya maji, kisiguse chini ya sufuria. Soma maji yanapotokota taratibu, kisha pepea mkaa mpaka yatokote kwa fujo, usome tena. Utakuta namba ileile! Moto wote ule ulioongeza umeishia kwenye mvuke. Kwa hiyo yakishachemka, punguza moto na ufunike. Mkaa utakaobaki ni wa kesho.

Kuna jambo la pili, na mimi nalishuku zaidi. Maji ya visima vya huku mengi ni magumu, yaani yamebeba madini mengi. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Madini hayo hufanya maharage yagome kulainika. Chukua maharage ya fungu moja, uyagawe mara mbili. Nusu loweka na kupika kwa maji yako ya kila siku, nusu kwa maji ya mvua uliyokinga, sufuria mbili zinazofanana. Ya mvua yakitangulia kuiva, umeshajua mkaa wako unaliwa na nani.

Na usihofu kuhusu maji ya kunywa. Nyuzi 96 zinatosha kuua vijidudu. Yaache yatokote dakika moja.

Tumefundishwa kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. Nimejaribu mara mbili nyumbani, ya baridi yakashinda. Je, ni uongo? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kongwa)

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma kwa furaha, maana umejaribu kwanza ndipo ukauliza.

Habari hii ina mizizi hapahapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari. Akaona nafasi kwenye friji inaisha, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha bado. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaweza kutangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35. Watu walicheka, Osborne akaenda kupima. Makala yao wawili ilitoka 1969.

Tangu hapo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Kwa hiyo matokeo yako si aibu hata kidogo.

Sasa rudia vizuri. Vikombe viwe vya aina moja, maji yawe na ujazo mmoja. Friza ikiwa na theluji, ifute kwanza: kikombe cha moto huiyeyusha na kukaa moja kwa moja juu ya bati la baridi, hapo kimependelewa. Mara ya pili vibadilishane nafasi. Na uamue mapema "kuganda" ni nini kwako, utando wa kwanza au kikombe kizima, kwa sababu jibu linaweza kubadilika hapo. Rudia mara kumi, uandike zote, hata zile usizozipenda.

Barafu zangu za ubuyu zinabaki laini, za mwenzangu ni ngumu. Friza ni moja. (Muuzaji, Majengo)

Sukari yako ni nyingi. Kitu kilichoyeyuka ndani ya maji huyachelewesha kuganda. Funga vifuko vitatu: maji matupu, maji yenye kijiko cha sukari, maji yenye kijiko cha chumvi. Vibonyeze kila nusu saa. Cha chumvi kitakuwa cha mwisho, na huenda kikabaki laini.

Mtungi wa bibi unapoza maji Bahi, lakini nilipoupeleka Dar haukufanya kazi vile. Umeharibika? (Kijana, Bahi)

Mzima kabisa. Maji hupenya kwenye udongo, yanakauka nje, na yanapokauka huondoka na joto. Hewa kavu ya Bahi huyakausha upesi. Ya Dar imeshajaa unyevu. Chukua chupa mbili za maji, moja uivishe soksi iliyolowa, zitundike kivulini penye upepo mchana wa Agosti. Baada ya saa moja weka shavu kwenye kila chupa, soksi ukiwa umeivua. Na mtungi wa bibi urudishe Bahi.