Kutoka Kuandika Programu Hadi Kufundisha Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika programu kwa miaka tisa, na sasa natamani kuwafundisha watu wazima kutumia kompyuta. Nianzie wapi?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, ujuzi wako ni mtaji, lakini kumfundisha mfanyabiashara wa Kariakoo kuweka hesabu za mauzo kwenye kompyuta kunadai subira ya namna nyingine, kwa kuwa huenda hajawahi kushika kipanya. Anza na darasa dogo la Jumamosi, na (hili nalisisitiza) usimnyang'anye kipanya anapokosea. Ukitaka ajira katika vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, fahamu kwamba Morogoro kipo chuo kinachoandaa walimu wa ufundi stadi. Kazi ya sasa usiiache kabla kundi lako la kwanza halijamaliza mafunzo.