Ukifika Mombasa, biriani iache kwanza

Wabongo wengi tukivuka Horohoro tukafika Mombasa, tukiingia mkahawa wa Kihindi tunaagiza biriani. Si vibaya, ila biriani unayo nyumbani, kama ilivyo sambusa na bajia. Mimi nakushauri utafute mkahawa wa Wahindi wasiokula nyama, uende mchana, uagize thali. Kama wewe ni Muislamu, hapo hata swali la nani kachinja halipo.

Thali ni sinia la stili lenye vibakuli vidogo vidogo: mboga mbili tatu, mchuzi wa punje za jamii ya kunde, mtindi, wali kidogo, vichapati vyembamba vilivyopakwa samli, papadi, achari na kitamutamu pembeni. Usichokipenda unakisogeza, na bado unashiba. Mikahawa mingine wanakuongezea mpaka useme basi, kwa hiyo uliza bei na utaratibu kabla hujakaa.

Wahindi wengi wa Mombasa asili yao ni Gujarat, na Wagujarati hupenda kutia sukari guru kidogo kwenye mchuzi. Mchuzi wenyewe mara nyingi ni wa mbaazi zilizokobolewa, ndugu wa zile mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri asubuhi. Utamu ule kwenye mboga siuzoei hadi leo. Lakini kadhi! Mtindi umepikwa na unga wa dengu ukawa mchuzi wa rangi ya manjano iliyopauka, mchachu, na mbegu za haradali zilizopasuliwa kwenye samli ya moto zinaelea juu. Hiyo naweza kuinywa kwa kikombe.

Na uulize. Raha ya kula chakula kigeni Mombasa ni kwamba maelezo yake unayapata kwa Kiswahili. Mimi nilinusa kwenye bakuli harufu ninayoijua, lakini si ya jikoni.

"Mzee, humu mmetia nini?"

"Mvuje, mwanangu. Hapa hatupiki na kitunguu wala saumu."

Mvuje, ule utomvu mkavu wa mmea, huohuo ambao Pwani watoto wachanga hufungwa kuwakinga na kijicho! Wajaini, watu wa dini moja ya India, na wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hawali vitunguu wala saumu, na mvuje uliokaangwa kidogo ndio unaoziba pengo hilo. Ukiiva, ule ukali wa harufu hupotea. Bila kuuliza ningeondoka nikidhani nimerogwa.

Pilipili ikikuzidi, usikimbilie maji; kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Agiza mapema chaas, mtindi uliozimuliwa kwa maji ukatiwa chumvi na bizari nyembamba.

Ukitoka, ukikuta muuza pan, yaani tambuu ya Kihindi, omba ya tamu isiyo na tumbaku. Sema kabla hajagusa jani, maana mikono ya wauzaji wale ina kasi mno.