Hesabu marobota kabla majani hayajakauka

Njombe, Iringa na Mbeya mvua hukatika Mei, na malisho ya maana hayarudi mpaka Desemba. Ng'ombe wa maziwa akikonda Septemba, kosa lilifanyika Mei.

Anza na hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 hula kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku. Kilo 6 zikiwa nyasi kavu, na zilizobaki mabua, pumba na mashudu, kwa siku 180 unahitaji kilo 1,080, yaani marobota 54 ya kilo 20. Una marobota 110 na ng'ombe watatu? Uza mmoja Juni, angali amenona. Ukingoja Septemba utauza mbavu, tena soko limejaa mbavu za wenzako.

Nyasi aina ya Rhodes zikatwe zinapoanza kutoa maua. Zikishakomaa mbegu, unahifadhi vijiti. Zianike siku mbili au tatu ukizigeuza, kisha sokota fungu mkononi: ukihisi unyevu, bado. Nyasi mbichi zikifungwa hupata joto ndani, huota ukungu, na ukungu unaweza kumtoa mimba ng'ombe.

Sanduku la kufungia marobota ni la mbao, halina kitako wala mfuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili kwanza, jaza, mtu apande akanyage kwa nguvu zote, ndipo ufunge. Pima marobota machache kwa mizani, maana yaliyolegea hayafiki hata kilo 12 na hesabu yote ya juu inavurugika. Yapange kwenye kichanja, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

Mabua ya mahindi yakatwe mara tu baada ya kuvuna, kabla jua na mchwa havijamaliza majani, kwani majani ndiyo chakula chenyewe. Yakatekate vipande vya sentimita 3 hivi, nyunyizia molasi lita 1 iliyochanganywa na maji lita 3. Mabua mazima ng'ombe huyachambua na kuyakanyaga.

Dawa ya minyoo itolewe mvua zinapoisha. Albendazole, mojawapo ya dawa hizo, usimpe ng'ombe aliye katika siku 45 za mwanzo za mimba. Mwenye mimba kubwa aachwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa. Na maji yawepo muda wote: anayekula vikavu huku akikamuliwa humaliza lita 60 na zaidi kwa siku, na akipungukiwa, maziwa hushuka siku hiyohiyo.