Unayeanza kusoma piramidi za Meksiko, uliza kwanza ni tabaka lipi

Vitabu vya mwanzo vitakuonyesha picha ya piramidi na mwaka mmoja chini yake. Usiushike mwaka huo haraka. Mimi nilizikariri tarehe hizo muda mrefu, nikaamini nimeelewa, kumbe sikujua hata jengo lenyewe ni nini. Watu wa kule hawakuwa na desturi ya kubomoa hekalu la wazee wao. Walilifunika kwa udongo na kifusi, kisha wakajenga kubwa zaidi juu yake.

Chukua El Castillo, piramidi ya Wamaya pale Chichén Itzá. Wageni huhesabu vidato 91 kwa kila upande, pande nne, wakiongeza kimoja cha juu wanapata 365, idadi ya siku za mwaka. Hesabu hiyo inapendeza, lakini usiishie hapo. Katika miaka ya 1930 wachimbaji walipenya ndani wakakuta piramidi nyingine, na hekaluni mwake kiti chekundu chenye umbo la jaguari, madoa yake yamepambwa kwa jade, jiwe la thamani la kijani. Hekalu kuu la Waazteki pale Tenochtitlan, mji wao mkuu, lilijengwa kwa awamu saba. Wahispania waliouteka mji huo mwaka 1521 waliona ile ya mwisho tu. Piramidi ya Cholula nayo, kubwa kuliko zote kwa ujazo, leo inaonekana kama kilima chenye kanisa juu yake.

Pia usichanganye watu. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kusema Waazteki walijenga Piramidi ya Jua pale Teotihuacan. Mji ule ulikuwa umeanguka karne nyingi kabla Tenochtitlan haijaanzishwa, mwaka 1325 kwa mapokeo yao. Waazteki waliyakuta magofu, wakayaheshimu, na jina tunalolitumia ni la lugha yao, Kinahuatl. Wajenzi wenyewe waliuitaje mji wao, hatujui. Na usiandike kwamba Wamaya "walitoweka": mamilioni wapo Guatemala na Meksiko, na lugha zao zinazungumzwa hadi leo.

Utaambiwa vilevile kwamba piramidi za huku si makaburi kama za Misri. Kwa jumla ni kweli, maana nyingi zilibeba hekalu kileleni. Ila kumbuka Palenque, mji wa Wamaya. Mwanaakiolojia Alberto Ruz aliona bamba la sakafu lenye matundu katika Hekalu la Maandishi, akaliinua, akakuta ngazi iliyozibwa kwa kifusi. Kuisafisha kulichukua misimu minne. Mwaka 1952 akafika kwenye jeneza la mawe la mfalme Pakal, aliyefariki mwaka 683. Ninapochoshwa na kazi ya kuchambua kifusi, huwa namkumbuka yeye.

Kifusi chenyewe kistahi. Hapakuwa na wanyama wa kubeba mizigo wala zana za chuma, kwa hiyo kila kikapu kilipanda juu kwa mgongo wa mtu. Chokaa ya kupiga lipu ilitokana na mawe yaliyochomwa kwa kuni nyingi, hivyo ukiona ukuta mpana uliolainishwa, uliza pia habari za msitu uliouzunguka.

Kwa mwezi wako wa kwanza chagua jengo moja tu. Lichore kana kwamba limekatwa katikati, na kila tabaka uliandikie nani alijenga, lini, na tunajuaje. Pale usipokuwa na jibu, acha nafasi tupu.