"Prefatory" au "introductory"? Kivumishi cha kurasa za mwanzo

SWALI: Shikamoo mhariri. Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiingereza. Katika sura ya kwanza niliandika "this prefatory chapter". Msimamizi wangu akalizungushia neno hilo wino mwekundu na kuandika pembeni "introductory". Kamusi yangu inayatafsiri yote mawili "-a utangulizi". Tofauti iko wapi, na "prefatory" nilitumie wapi? Tena, huwa napata vibarua vya kutafsiri maazimio ya Umoja wa Mataifa, na humo nakutana na "preambular". Nalo ni lile lile?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amesahihisha vizuri.

"Prefatory" ni kivumishi kinachotaja mahali. Ni sifa ya maneno yaliyowekwa kabla kazi yenyewe haijaanza, yaliyoambatana nayo lakini yakiwa nje yake. Fikiria baraza la nyumba za Mwambao: ni la nyumba ile ile, na mgeni hukaribishwa hapo, ila aliyeketi barazani bado hajaingia ndani. Sura yako ya kwanza iko ndani. Ina tatizo la utafiti, malengo na maswali. Ukiing'oa, sura ya uchambuzi itabaki inajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Hiyo ni "introductory chapter". Ukiwa na shaka, jaribu kuyaondoa maneno hayo ya mwanzo kisha usome kilichobaki. Kama hoja bado imesimama nzima, "prefatory" inafaa. Kama imeyumba, hapana.

Ndiyo maana kivumishi hiki hupenda kuandamana na nomino za maandishi mafupi ya pembezoni: "prefatory note", "prefatory remarks", "prefatory letter", "prefatory essay", na kwa ujumla wake "prefatory material". Hutumika hata kwa mazungumzo. Mhadhiri akishukuru wenyeji na kueleza kwa nini amechagua mada ile, kisha ndipo aanze mhadhara, hayo ya mwanzo ni "prefatory remarks". "Prefatory chapter" utaikuta mara chache, pale mwandishi alipotanguliza sura inayosimama kando ya hoja yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa London mwaka 1623, miaka 7 baada ya kifo chake, ule uitwao First Folio. Una tamthilia 36, lakini msomaji hafiki kwenye ya kwanza mpaka apite kurasa kadhaa za watu wengine. Kuna picha ya Shakespeare, na ubavuni mwake shairi fupi la mwandishi mwenzake, Ben Jonson, linalomwambia msomaji asitazame picha, atazame kitabu. Kuna barua ya tabaruku kwa makabaila wawili ndugu, Earl wa Pembroke na Earl wa Montgomery. Kuna barua nyingine kwa wasomaji wote, iliyotiwa sahihi na waigizaji wenzake Shakespeare, John Heminges na Henry Condell, nao wanasema waziwazi kwamba lolote utakalofanya, kwanza ununue. Kisha mashairi ya sifa, majina ya waigizaji, na orodha ya tamthilia, ambamo Troilus and Cressida haimo ingawa ndani ya kitabu imo, kwa kuwa iliingizwa kwa kuchelewa. Kurasa hizo zote wataalamu huziita "prefatory" bila kusita, na hakuna hata moja iliyo sehemu ya tamthilia.

Sasa linganisha na Henry V, humo humo. Tamthilia hiyo inafunguliwa na msemaji anayewaomba watazamaji wajazie kwa mawazo yao kile ambacho jukwaa dogo haliwezi kuonyesha. Maneno yale yanatangulia kisa, lakini yameandikwa yasemwe jukwaani, na tamthilia imeyahesabu kuwa yake. Kuyaita "prefatory" tu, bila kuongeza neno, kungempotosha msomaji. Hapo ndipo kihusishi "to" kinaposaidia: "prefatory to the action" inasema yanatangulia matukio, na haidai kwamba yako nje ya tamthilia. Washairi wetu wa tenzi nao hufungua kwa jina la Mungu na dua, kwa bahari na mpangilio wa vina ule ule wa utenzi mzima. Ukiziandikia kwa Kiingereza beti hizo, sema "opening stanzas", au taja zinatangulia nini: "stanzas prefatory to the narrative". Mimi hupendelea hiyo ya pili, kwa sababu haimwachi msomaji akidhani ni nyongeza ya mhariri.

Ndugu zake wawili wana kazi zao. "Introductory" hubeba pia maana ya kiwango cha wanaoanza, kama katika "introductory course", na ya bei ya kuingizia bidhaa sokoni. "Prefatory" haiwezi kabisa kukaa hapo. "Preliminary" ni ya jambo linalofanywa mapema na ambalo huenda likabadilika: "preliminary findings". Tena kurasa za tasnifu yako zenye ikirari, tabaruku, shukrani na ikisiri, zile zinazopewa namba za Kirumi, miongozo mingi ya vyuo huziita "preliminary pages". Fuata mwongozo wa chuo chako, hata kama "prefatory" ingeeleweka.

"Preambular" si lile lile. Ni kivumishi cha kisheria na kidiplomasia, na katika maazimio kina mpaka ulio wazi. Aya za "preambular" hutangulia, kwa kawaida hazina namba, na huanza na maneno kama "Recalling" au "Noting", yaani azimio linakumbusha na kueleza misingi yake. Aya za "operative" hufuata zikiwa na namba, na huanza na vitenzi kamili kama "Decides" au "Requests". Azimio zima ni sentensi moja ndefu ambayo kiima chake, Baraza Kuu au Baraza la Usalama, kimetajwa mwanzoni kabisa. Kwa hiyo kwa Kiswahili aya za kwanza zishike umbo la "Likikumbuka…", "Likizingatia…", na zile za pili "Linaamua…", "Linaomba…". Ukitumia "Linakumbuka" huko juu, umeifunga sentensi kabla ya wakati wake. Na usiziite kamwe "prefatory": aya hizo nazo zimepitishwa na wajumbe, ni sehemu ya azimio.

La mwisho, matamshi, maana utaitetea tasnifu kwa mdomo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hapa hukaza ya kwanza kabisa: PRE-fa-to-ri.